Mkate wa Leo Ukae Nyuma

Watoto wa Mama Rafu walikua mpaka wakaota ndevu na kuvaa visigino virefu bila kujua ladha ya mkate wa siku hiyohiyo. Mkate haukukosekana nyumbani. Ulikuwapo kila siku, tena wa kutosha. Tatizo lilikuwa foleni. Mkate mpya ukiingia mlangoni, mama yao aliupokea, akafungua kabati la jikoni, akausogeza mbele ule wa jana na kuuweka wa leo nyuma yake. Wa jana ulipoliwa ukaisha, siku nayo ilikuwa imekwisha, na ule uliokuwa mpya ulikuwa tayari umegeuka wa jana. Kitindamimba wake, mwenye maneno mengi kuliko kaka na dada zake, alipofika umri wa kufikiri aliing'amua hila hiyo. Akamwendea mama yake kwa heshima zote na kumweleza kwamba wakila mikate miwili kwa siku moja, mara moja tu, foleni itavunjika, na maisha yao yote yaliyobaki watakula mkate laini. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba siku ya kula mikate miwili ni siku ya harusi yake, akamkatia kipande cha wa jana.

Jina la Mama Rafu alilipata kazini. Alikuwa mpangaji wa bidhaa katika supamaketi, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti mbele ya rafu asubuhi, milango ikiwa bado imefungwa, kitambaa cha vumbi begani. Kazi yake ilikuwa na kanuni moja ambayo mtoto wa shule anaweza kuikariri: kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Cha zamani mbele, kipya nyuma. Mtu akiisikia kanuni hiyo huiona ndogo, lakini ajaribu kuifuata kwa moyo mmoja maisha yake yote, ndipo atajua uzito wake.

Adui zake walikuwa wateja wa aina moja. Hawa hawakuchukua pakiti iliyo mbele yao. Waliinama, wakakunja mkono wa nguo, wakazamisha mkono nyuma ya rafu mpaka begani kama daktari wa mifugo anayemzalisha ng'ombe, wakaibuka na pakiti yenye tarehe ya mbali kidogo. Pakiti yenyewe ilikuwa ya kuliwa jioni hiyohiyo. Mama Rafu hakuruhusiwa kugombana na wateja, kwa hiyo alisimama nyuma yao na kukohoa. Alisema nyumbani kwamba anayechukua ya nyuma hula yake na kutupa ya mwenzake, kwa maana ile ya mbele itabaki pale mpaka iondolewe, na chakula kizima kitakwenda jalalani kwa sababu ya ulafi wa macho. Alikuwa na haki. Mtu anayetupa chakula kwa sababu ya kuogopa namba, bila hata kukinusa, hajakithamini chakula wala jasho la aliyekilima.

Lakini mtu asidhani kwamba alikuwa mzembe. Alijua kwamba tarehe ziko za aina mbili. Iko ile ya "tumia kabla ya", inayokaa kwenye nyama, samaki na vitu vya aina hiyo, na hiyo aliitii kama sauti ya polisi. Na iko ile ya "ni bora kabla ya", ambayo haisemi kwamba kitu kimekufa. Inasema kwamba aliyekitengeneza hadhamini tena kuwa biskuti italia kru kama siku ya kwanza. Vitu vya aina hii ya pili, vilivyo vikavu na vya makopo, vilipopita tarehe viliondolewa machoni pa wateja na kuwekwa ndani ya kikapu katika chumba cha nyuma, na meneja aliwaruhusu wafanyakazi kugawana. Wenzake walichukua kwa aibu, wakikunja mifuko. Mama Rafu alichukua mchana kweupe. Akifika nyumbani alivipitisha mbele ya mahakama yake: jicho kwanza, kisha sikio, maana kopo aliligonga kwa kucha na kusikiliza, kisha pua, na mwisho ncha ya ulimi. Kopo lililovimba halikuwa na rufaa. Tambi zilizoingiwa na wadudu zilikwenda kwa kuku wa jirani. Vilivyoshinda kesi viliingia kabatini kwa foleni, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa sababu ya kabati hilo. Watoto walipoumwa tumbo ilikuwa ni kwa maembe mabichi.

Umri wake wa kustaafu ulipotimia, walimfanyia sherehe ndogo katika chumba kilekile cha nyuma. Meneja, kijana mcheshi, alisimama akasema kwamba leo tarehe ya Mama Rafu imefika na wanamtoa kwenye rafu, ingawa yeye mwenyewe anaona bado ni mzima kabisa. Watu walicheka, na Mama Rafu alicheka kuliko wote. Njiani kurudi nyumbani aligundua kwamba hacheki tena. Alikuwa na miguu, macho na nguvu za kupanga ghala zima, na hakuna aliyekuwa akimngoja asubuhi.

Alikuwepo mmoja tu aliyemfaa. Kitindamimba yule wa hesabu ya mikate alikuwa ameoa, na mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume ambaye sasa ndiyo kwanza alikuwa akitembea kwa kuyumba kama mlevi. Mama Rafu alimwita "mume wangu", kama mabibi wamwitavyo mjukuu wa kiume, na mume huyo alimpenda mkewe mzee waziwazi, akimvuta pua na kumtemea mate shingoni. Mkwe alikuwa karibu kurudi kazini. Mtoto angehitaji mtu wa kushinda naye. Mama Rafu hakuomba, maana aliona bibi haombi kazi ya ubibi, lakini kila jioni alilala akiwaza ni kona gani ya chumba itafaa kutandikwa mkeka wa mume wake.

Kizuizi kilikuwa kabati.

Mkwe alikuwa mfamasia katika duka la dawa. Alikuwa mtu mwema, mpole, na mwenye kucheka upesi, lakini katika kazi yake tarehe haina mjadala. Dawa ikipita tarehe hutolewa, na anayebisha hutolewa nayo. Siku moja, akitafuta chumvi kwa mama mkwe wake, alikutana na pakiti ya tambi. Akaigeuza, akasoma.

"Mama, hizi tambi zimeitangulia ndoa yangu."

"Na zimetulia kuliko ndoa nyingi," alijibu Mama Rafu akikoroga sufuria.

Walicheka wote wawili. Hata hivyo mkwe alizirudisha tambi mahali pake kwa vidole viwili, na tangu siku hiyo alipokuja alikuwa ameshiba.

Ijumaa moja kitindamimba alimpitia mama yake akitoka kazini, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeleta msiba. Akaeleza kwamba mkewe anarudi kazini Jumatatu. Karibu na duka la dawa kuna kituo cha kulelea watoto, safi, chenye vitanda vidogo na picha za wanyama ukutani, na mkewe amekwisha kukitembelea. Jumapili watakuja kula chakula cha mchana, na mkewe amesema ataamua baada ya hapo. Kisha akashusha sauti, ingawa ndani hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama, nakuomba. Liondoe kabati lile lote. Weka vitu vipya. Na chonde, usinuse kitu mbele yake. Ukinusa tu, tumekwisha."

Mama Rafu alimwangalia. Alitaka kumwambia kwamba hajawahi kuficha chakula chake, na kwamba kama ni aibu basi hata yeye mwanawe ameila akamaliza sahani. Lakini mbele ya macho yake aliuona mkeka kwenye kona, na mkeka ule ulikuwa mtupu. Akakubali. Mwanamke aliyesimama wima maisha yake yote alipinda siku hiyo, tena kwa sababu ya mapenzi, ambayo ndiyo sababu inayowapinda wema wengi.

Jumamosi alitoa sanduku lake kubwa la safari chini ya kitanda, akalijaza: tambi, makopo ya maharagwe, jemu, biskuti, majani ya chai, vyote kwa mpangilio wake, maana hata katika kuficha hakuweza kuchanganya foleni. Akaliburuta hadi nyumba ya pili, kwa Fundi Cherehani, jirani yake wa siku nyingi, mama mwenye futi shingoni na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Fundi alisimamisha cherehani, akalitazama sanduku.

"Zito hivyo, umemuua nani?"

Mama Rafu akamweleza. Fundi alisikiliza huku akitoa pini mdomoni moja baada ya moja, na zilipokwisha akasema kwamba atalihifadhi, hakuna neno, ujirani ndio huo. Ila ana swali moja.

"Shoga yangu, kitu kinachofichwa kwa jirani huwa si chako au si kizuri. Hivi si vyako, au si vizuri?"

Mama Rafu alisema ni vyake na ni vizuri. Fundi akarudisha mguu kwenye cherehani, akashona, na kelele ya cherehani ile ilimsindikiza Mama Rafu hadi barabarani.

Sasa ilibidi akanunue vitu vipya. Kwenda katika supamaketi yake hakuthubutu, kwa kuwa wenzake wangemwona akifanya lile aliloazimia kulifanya. Akaenda kwenye duka dogo la pembeni ambako hakuna aliyemjua. Huko, Mama Rafu, aliyekohoa nyuma ya migongo ya wateja maisha yake yote ya kazi, alikunja mkono wa gauni, akainama, akazamisha mkono nyuma ya rafu mpaka begani. Akatoa tambi za nyuma, biskuti za nyuma, mchele wa nyuma. Alipofika kwenye friji alichukua pakiti ya maziwa ya mjukuu wake, ya nyuma kabisa, yenye tarehe ya mbali iliyomfurahisha kama cheti cha shule. Nyuma yake mwenye duka alikohoa.

Jambo moja alilisikia bila kulisikia. Friji ile ilikuwa kimya. Friji nzima hunguruma, na mtu aliyefanya kazi kati ya mafriji hujua kimya chake kama mama ajuavyo kimya cha mtoto anayefanya utundu. Siku nyingine yoyote angeweka kiganja juu ya pakiti. Siku hiyo alikuwa ameshika tarehe, na aliyeshika tarehe hakuona haja ya kiganja.

Jumapili walifika. Mume wake aliingia kwanza, akitembea kwa kupepesuka, akamkumbatia mguu. Mkwe aliomba glasi ya maji, na katika kuitafuta glasi alifungua kabati. Mama Rafu alikuwa akipepeta mchele ambao haukuhitaji kupepetwa. Kitindamimba alianza kuongea juu ya mpira kwa sauti kubwa. Kabati liling'aa. Kila pakiti ilitazama mbele, kila tarehe ilikuwa ya mwezi wa mbali. Mkwe aligeuza moja, akageuza ya pili, akafunga mlango taratibu. Usoni mwake palikuwa na furaha, na ndani ya furaha ile palikuwa na mashaka kidogo, kama mtu aliyeingia nyumba anayoijua akakuta viti vimehamishwa.

Wakala. Mkwe akala, tena akaongeza, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumwona akila mezani pale. Alimsifu Mama Rafu kwa mapishi, akamuuliza kama magoti bado yanamsumbua. Mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba kitindamimba alianza kumkonyeza mama yake, na mama yake alimkanyaga mguu chini ya meza.

Baada ya chakula mtoto akadai maziwa. Mama Rafu aliinuka, akatoa pakiti katika friji yake, akaipindua ili mkwe aione tarehe, ingawa hakuna aliyemuuliza. Akaikata pembeni, akaanza kumimina katika kikombe cha mtoto. Hapo mkono wake ukasita. Pua ilikuwa ikimwasha. Kwa miaka yote hakuna kilichopita mkononi mwake kwenda kinywani mwa mtoto bila kupita puani mwake kwanza, na mazoea yana taabu. Mwili ulikataa kuendelea kama punda aliyefika daraja bovu. Mwanawe alimtazama kwa macho ya kuomba. Alitikisa kichwa kidogo: Mama, usinuse.

Aliwaza kwa muda wa kufumba na kufumbua. Akinusa, atampoteza mtoto kwa kituo cha vitanda vidogo. Asiponusa, atampa mtoto kitu asichokijua. Akaona kwamba bibi anayeogopa kunusa maziwa ya mjukuu wake hastahili kuachiwa mjukuu. Akainua kikombe, mbele ya mkwe, akanusa kwa nguvu, kama anavyonusa mtu asiye na la kuficha.

Maziwa yalikuwa yamechacha.

Alikiweka kikombe juu kabisa ya kabati, mbali na mikono midogo iliyokuwa ikikililia. Mkwe aliinuka, akaichukua pakiti, akasoma tarehe mara mbili, kisha naye akapeleka pua. Akakunja uso. Akaitazama tena pakiti, kisha akamtazama mama mkwe wake kwa macho mapya. Akasema kwamba yeye angempa. Angesoma tarehe, angempa mtoto bila wasiwasi, na usiku wote wangekesha naye. Akasema alikuwa na hofu kubwa juu ya jambo hili, lakini sasa amejionea mwenyewe kabati na amejionea mwenyewe umakini, na kama Mama hatachoka, basi Jumatatu atamleta mtoto hapa.

Kitindamimba alipumua kama mtu aliyeibuka majini. Shauri lilikuwa limekwisha. Wangapi kati yetu, tukipewa ushindi namna hiyo, tungeurudisha? Tungesema Mungu ni mwema, tukaosha vyombo. Mama Rafu alishika kingo za beseni la vyombo, akasikia mlio wa cherehani kutoka nyumba ya pili, ukienda na kusimama, ukienda na kusimama, na swali la Fundi likamrudia. Si vyako, au si vizuri?

"Mwanangu," alimwambia mkwe, "kabati hili si langu. Langu liko kwa Fundi Cherehani, ndani ya sanduku."

Kisha akamgeukia mwanawe na kumwambia akalilete. Kitindamimba akatoka. Alirudi akihema, sanduku begani, na nyuma yake alikuja Fundi mwenyewe, futi shingoni, akisema amekuja kuhakikisha mzigo umefika salama. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyemfukuza.

Mkwe alikaa sakafuni, akalifungua sanduku, akatoa vitu kimoja kimoja. Tambi zilizoitangulia ndoa yake alizitambua, akaziweka kando. Hatimaye aliinua uso, na ilionekana wazi kuwa amekasirika, ila si kwa sababu waliyoidhani.

"Mama, mimi dukani siogopi dawa iliyopita tarehe. Hiyo naiona, naitoa. Ninayoiogopa ni ile iliyobandikwa tarehe nyingine juu yake."

Mama Rafu hakujitetea. Alisema ni kweli, na kwamba hatarudia. Kitindamimba, ambaye uungwana ulikuwa umemrudia kwa kuchelewa, alijikohoza akakiri kuwa shauri la kuficha lilikuwa lake tangu mwanzo, na Mama alilikubali shingo upande. Mkwe akamtazama mumewe namna ambayo Fundi Cherehani baadaye aliisimulia mtaa mzima.

Wakalipekua sanduku pamoja. Mama Rafu aliketi chini naye, akamweleza ile mahakama yake, kucha juu ya kopo na yote. Mkwe alikubali mengi. Alisema jemu ile haina neno, tambi kavu hazina neno, na chai itapoteza harufu tu, akamwonya juu ya karanga zilizoanza kunuka mafuta ya zamani, na Mama Rafu akazionja akakubali kuwa pua yake ilizipendelea. Walikuwa wameanza kutaniana tena, na Fundi alikuwa amekwisha kujikaribisha biskuti, pale mkwe alipofika chini kabisa ya sanduku na kutoa makopo mawili ya unga wa uji wa mtoto.

Yalikuwa mazuri, yenye picha ya dubu. Tarehe yake ilikuwa imepita.

Mkwe aliuliza yalitoka kikapu gani. Mama Rafu akasema hayakutoka kikapuni. Aliyanunua kwa fedha yake siku ileile aliyoambiwa kuna ujauzito, yakiwa mapya yanameta, kabla hawajajua kama anayekuja ni mume au mke mwenza. Akayaweka kabatini. Na kwa kuwa yalikuwa mapya, aliyaweka nyuma. Kila alichokileta nyumbani baada ya hapo kilikuwa tayari kimepita tarehe, na kwa kanuni yake kilitangulia mbele. Makopo ya dubu yalingoja zamu yao, mtoto akazaliwa, akanyonya, akaota meno, akaanza kula uji wa kwao, na zamu haikufika.

"Niliyawekea mume wangu," alisema. "Foleni ndiyo iliyonishinda."

Fundi Cherehani aliirudisha biskuti aliyokuwa ameishika. Mkwe aliyapakata makopo yale. Akamwambia Mama Rafu kwa upole kwamba ameyaona mapenzi yaliyomo, lakini tumbo la mtoto halisomi mapenzi. Mtu mzima akinywa uji huu hatadhurika, ila virutubisho vimepungua, na kwa mtoto yeye habahatishi. Mama Rafu alitaka kubisha. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kisha akawaza kwamba yeye amewahukumu wengi waliochukua cha nyuma na kukiacha cha mbele kioze, na hapa ameacha cha nyuma kizeeke kwa kung'ang'ania cha mbele. Mali iliyowekwa mpaka ikapoteza faida imetupwa, hata kama haijafika jalalani. Akasema, basi, mtoto hanywi.

"Ila hayatupwi," aliongeza, na sauti yake ya rafu ikamrudia. "Yuko mtu mzima hapa anayestahili uji."

Wote watatu walimtazama kitindamimba. Alijaribu kutaja kazi yake, heshima yake, na tumbo lake ambalo tangu utotoni lilikuwa dhaifu. Mkewe alimwambia atamfungia kwenye chupa kila asubuhi aende nao kazini. Fundi alijitolea kumshonea bibu.

Kabla ya kuondoka, mkwe alipanga kabati upya kwa mikono yake. Rafu ya chini akaipa mtoto: humo tarehe ndiyo itakayotawala, na pua itafuata, maana wamejionea kuwa tarehe peke yake haitoshi. Rafu za juu ni za wazee: humo atawale Mama na mahakama yake. Hakuna kufuta tarehe, hakuna kuhamisha, hakuna sanduku. Akazirudisha tambi za kabla ya ndoa mahali pake, kisha akabadili nia, akazitia mkobani akasema atazipika kwake usiku huu, aone zilivyotulia.

Jumatatu asubuhi mtoto aliletwa na mfuko wake wa nguo, na mkwe alikuwa amepita kwenye tanuri la mkate, akabeba mkate ukiwa bado unafuka. Mama Rafu aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafungua kabati. Wa jana ulikuwapo, nusu. Akausogeza mbele, akataka kuuingiza wa leo nyuma yake.

"Mama," alisema mkwe mlangoni. Macho yake yalikuwa juu ya mkate.

Mama Rafu alisimama kati ya kabati na meza, mkate ukimchoma viganja. Mabishano yale yangeweza kuchukua asubuhi nzima, ila mume wake hakuwa na habari ya foleni. Alikuwa amejikokota hadi kwenye goti lake, akanyoosha mkono, akachomoa kipande cha pembeni, akakitia mdomoni chote na kuanza kutafuna macho yakiwa yamemtoka kwa raha.

Basi Mama Rafu akakaa. Mkwe alipokwenda zake, alimkatia mtoto kipande kingine, kisha, baada ya kuangalia dirishani kama Fundi hayupo, akajikatia na yeye. Alikitafuna polepole, kwa haki, kama anavyopima kila kitu. Kilikuwa laini mno. Kilinata kwenye meno na kuganda juu ya kinywa, na hakikukaa vizuri na chai.

Akamwachia mume wake kilichobaki. Akauvuta ule wa jana, akakata kipande kinene, akakichovya, na wakala hivyo wote wawili, kila mtu na mkate wake, mkeka ukiwa umetandikwa kwenye kona.